Kabla ya kuuliza mgahawa, tazama mwezi

Shemeji yangu alishuka treni ya Dodoma Ijumaa, saa moja na nusu usiku, na kabla ya kuuliza habari za dada yake akauliza, "Shemeji, leo tunakula wapi?"

Wageni wa aina yake wamekuwa wengi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, Julai 2024, safari iliyokuwa ikimmaliza mtu siku nzima kwa basi sasa haifiki saa nne. Basi mtu anakuja Ijumaa, anaondoka Jumapili, ana milo miwili tu ya usiku jijini na hataki kupoteza hata mmoja. Shemeji alikuwa ameshajiandaa. Kwenye simu alikuwa na migahawa saba, yote ina picha nzuri.

Safari iliyopita nilimkosea. Nilimpeleka hoteli moja ya ufukweni, jina nalihifadhi, yenye kitabu cha vyakula cha kurasa kumi na mbili. Kila alichouliza kilikuwepo. Changu yupo, kamba wapo, pweza yupo, ngisi yupo. Tulisubiri saa nzima na robo. Samaki akaja kakauka nje, na mfupani bado ana ubaridi wa friza. Shemeji ni mtu wa Kondoa, kuku wa kwake anamjua tangu kifaranga. Alikula ndizi, samaki akamsogeza pembeni, hakusema neno. Afadhali angesema.

Tangu usiku ule nikiingia mahali nisipopajua siulizi kuna nini. Nauliza, "Leo hakuna nini?" Mhudumu akishangaa na kuniambia vyote vipo, naagiza soda na kuondoka. Akisema vibua hakuna wiki hii, naketi. Anajua jiko lake linapata wapi samaki.

Maana Dar ni mji wa bahari, na bahari ina ratiba yake. Dagaa na vibua wengi wanaofika soko la Feri huvuliwa usiku kwa nyavu za mtando, na wavuvi hutumia taa kuwakusanya. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola. Taa hiyo hufanya kazi kukiwa na giza. Mwezi ukiwa mpevu bahari nzima inang'aa, samaki hawaoni sababu ya kukimbilia taa moja, na mashua nyingi hupumzika siku kadhaa. Ndiyo maana mama lishe wa Magogoni akikwambia "sasa hivi ni mwezi", hakusimulii mambo ya angani. Anakueleza kwa nini kibua wake leo ni mdogo na bei ni kubwa. Wavuvi wa mshipi wanaendelea, hivyo changu hakosekani kabisa, ila naye anapanda bei kwa kuwa wenzake hawapo.

Sasa geuza upande wa pili. Mwezi huohuo mpevu, na vilevile mwezi unapoandama, huleta bamvua. Maji hujaa sana, kisha hutoka mbali sana. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hufika mwisho wa kutoka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na miamba ambayo wakati wa maji mafu haionekani hubaki wazi. Hapo ndipo wanawake kwa wanaume huingia kwa miguu, kijiti au chuma mkononi, wakichokoa pweza mashimoni. Hawahitaji mashua wala injini. Pweza aliyechokolewa saa nne asubuhi anaweza kuwa sufuriani jioni. Sisemi kila pweza wa mjini ni wa siku hiyo. Wengi hutoka Mafia na Kilwa wakiwa kwenye barafu. Lakini siku za bamvua bahati yako ni kubwa zaidi.

Yote haya nilimweleza shemeji pale nje ya stesheni, begi lake begani mwangu, mwezi mzima umeshapanda upande wa bandari. Alinisikiliza kwa adabu kisha akasema yeye alitaka biriani.

Biriani ya Ijumaa, shemeji, ni ya mchana. Hupikwa kwa ajili ya watu wanaotoka msikitini, na ikifika alasiri sufuria nzuri zote zimeshakombwa. Inayouzwa usiku nayo ina watu wake, mimi simo. Akataja mihogo ya Coco Beach. Naipenda, na pilipili yake naiheshimu, lakini ile ni ya kujishikiza jioni huku unatazama watoto wakicheza mchangani. Akataja kuku wa Mamboz, pale kona ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Libya, ambako moto huwashwa jioni na meza hushuka mpaka njiani. Hapo nilinyamaza kidogo, kwa sababu alikuwa na hoja. Kuku wa kisasa hana bamvua, na mkaa ukishakolea anakuja wa moto. Tukakubaliana: kuku kesho, leo pweza.

Tukavuka Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka kona moja ya Kariakoo. Meza ya mbao, taa moja, sufuria, ndoo ya kunawia, kopo la vijiti. Wanaume kama kumi wamesimama, kila mmoja na kikombe cha supu, hakuna anayemtazama mwenzake. Sifa za supu ile zinajulikana na sitazirudia kwenye gazeti la familia. Muuzaji alikuwa anakata mnyiri wa mwisho, kipande kwa kipande, kisu hakigusi kidole. Shemeji alichovya cha kwanza kwenye pilipili ya ukwaju, akatafuna, akafumba macho. Cha pili. Cha nne. Akanyoosha mkono tena.

"Imeisha, bosi. Supu yenyewe ndiyo hiyo mliyonayo."

Mimi nilifurahi kama niliyeshinda kesi. Tatizo ni kwamba tulikuwa bado na njaa. Hatua tano kutoka pale kijana wa chipsi alikuwa anageuza karai, trei za mayai zimepangwa nyuma yake mpaka kiunoni. "Zege? Mayai mawili au matatu?"

Shemeji aliangalia juu, kisha akaniangalia mimi. "Na hili, shemeji, nalo lina mwezi wake?"

Kijana hakungoja jibu. Alishavunja matatu.