Kiwanja Rahisi, Makazi Ghali: Mashauri kwa Familia Zinazohamia Dodoma



Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, parokia na jumuiya ndogo ndogo za mji huu zimepokea familia nyingi kutoka kila pembe ya nchi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la Jiji la leo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179. Si watumishi wa umma pekee waliokuja. Wako mafundi ujenzi, mama lishe, walimu, wafanyabiashara wadogo na vijana waliomaliza masomo wakaamua kubaki. Karibu kila familia, baada ya kupanga chumba kwa muda, hufikia swali lile lile: kwa uwezo wetu huu mdogo, tununue wapi?

Swali hili linastahili kujibiwa kwa akili na kwa imani pamoja. Familia nyingi huweka katika kiwanja akiba ya miaka kumi, mafao ya mzazi, au fedha za shamba lililouzwa kijijini. Wakikosea, mara nyingi hakuna akiba ya pili. Makala haya yanalenga kueleza jambo moja: bei ya kiwanja ni sehemu tu ya gharama ya makazi. Mahali panapoifaa familia ni pale inapoweza kuishi, na si lazima pawe pale panapouzwa kwa bei ndogo kuliko kwingine.

Makazi katika mafundisho ya Kanisa

Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alifundisha kwamba mfanyakazi anapaswa kulipwa ujira unaomwezesha kuitunza familia yake, kuweka akiba na hatimaye kupata mali yake mwenyewe. Hati ya Haki za Familia, iliyotolewa na Kiti Kitakatifu mwaka 1983, inaitambua haki ya familia ya kupata makazi yenye hadhi, yanayolingana na idadi ya wanafamilia, na yaliyo katika mazingira yenye huduma za msingi. Papa Fransisko naye, katika Laudato si' ya mwaka 2015, aliueleza ukosefu wa makazi kuwa tatizo zito la mijini na vijijini, linalogusa utu wa mtu na ukuaji wa familia.

Tuzingatie maneno hayo "huduma za msingi". Kanisa linapozungumza juu ya makazi halimaanishi kuta na paa tu. Linamaanisha pia maji, shule, zahanati, njia ya kwenda kazini, na mahali pa kumwabudu Mungu pamoja na wengine. Nyumba iliyotengwa na mambo hayo yote hailingani bado na hadhi ya familia, hata kama imepakwa rangi nzuri.

Kaeni, mhesabu

Katika Injili ya Luka (14:28-30) Bwana wetu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hukaa kwanza akahesabu gharama. Fundisho lile linahusu gharama ya kumfuata Kristo, lakini mfano wenyewe umetolewa katika maisha ya kawaida, nasi tunaweza kuutumia kama ulivyo.

Tuchukue mfano, kwa tarakimu za kukadiria tu. Familia ya watu sita imepata viwanja viwili. Cha kwanza kipo mbali, kinauzwa shilingi 3,000,000. Cha pili kipo karibu na barabara kuu na bomba la maji, kinauzwa shilingi 8,000,000. Moyo unakimbilia cha kwanza. Sasa tuhesabu. Baba na mama wanakwenda kazini siku 22 kwa mwezi. Kutoka kule mbali kila mmoja anahitaji bodaboda na daladala, shilingi 1,200 kwenda na 1,200 kurudi. Kwa wote wawili ni shilingi 105,600 kwa mwezi. Kutoka kwenye kiwanja cha pili nauli ni nusu yake, yaani shilingi 52,800.

Maji nayo yana hesabu yake. Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, mwezi mzima unahitaji lita 3,600. Wakinunua kwa boza, tuseme shilingi 15,000 kwa kila lita 1,000, watalipa shilingi 54,000. Kwa bomba, tuseme watalipa 8,000. Tofauti ya nauli na maji ni shilingi 98,800 kwa mwezi. Kwa kiasi hicho, ile nafuu ya shilingi 5,000,000 inakwisha ndani ya miaka minne na miezi mitatu hivi. Hapo hatujataja mtoto anayeamka saa kumi usiku ili awahi shule, wala mgonjwa anayehitaji kufikishwa hospitalini usiku wa manane.

Hesabu hii haitoi jibu moja kwa wote. Mfugaji wa kuku, fundi anayefanyia kazi nyumbani, au mstaafu asiye na safari za kila siku anaweza kuona kwamba kiwanja cha mbali ndicho kinachomfaa. Ndiyo maana kila familia iandike tarakimu zake yenyewe, na isiazime zile za jirani.

Kuufahamu mji kabla ya kuununua

Dodoma ina barabara kuu nne, na maisha ya mtu hutegemea sana ni ipi iliyo karibu naye. Upande wa mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam, kuna Nzuguni, Ihumwa na Mtumba, ambako Mji wa Serikali umejengwa. Magharibi, barabara ya Singida inapita Nala. Kaskazini, kuelekea Kondoa na Arusha, tunakuta Msalato, Veyula na Makutupora. Kusini, barabara ya Iringa inapita Mkonze na Mpunguzi. Anayefanya kazi Mtumba kisha akanunua Nala atauvuka mji mzima mara mbili kila siku. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: kazi yetu, shule ya watoto na riziki yetu viko upande gani?

Swali la pili ni maji. Dodoma ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa miaka mingi mji umetegemea zaidi visima vya Mzakwe, upande wa kaskazini. Dalali akisema "maji yanakuja", nendeni ofisi za DUWASA mkaulize kama bomba limefika, na kama halijafika, limepangwa lini. Waulizeni pia akina mama wa eneo hilo wanachota wapi mwezi wa Oktoba.

Swali la tatu ni ardhi yenyewe. Kiwanja kinachopendeza mwezi wa Agosti huenda ni mkondo wa maji mwezi wa Januari. Udongo mweusi wa mbuga huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nao huzipasua nyumba zenye msingi hafifu. Ikiwezekana, familia ngeni ipange kwanza kwa mwaka mmoja katika upande inaoufikiria, ili ipaone mahali hapo katika masika na katika kiangazi. Kodi ya mwaka huo ni ada ya kujifunza.

Nyaraka na mashahidi

Maandiko Matakatifu yanatuonyesha mgeni akinunua ardhi. Katika Mwanzo 23, Abrahamu, aliyejitambulisha kuwa mgeni na mpitaji kati ya Wahiti, alimnunulia Sara mahali pa kaburi. Efroni alitaka kumpa bure, lakini Abrahamu alilipa thamani kamili, shekeli 400 za fedha. Mauziano yalifanyika mbele ya watu wote kwenye lango la mji, na yalitaja shamba, pango na hata miti iliyokuwa ndani ya mipaka. Naye nabii Yeremia (Yer 32), akiwa kifungoni wakati Yerusalemu imezingirwa, alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17. Aliandika hati, akaitia muhuri, akaweka mashahidi, na hati zote mbili, ile iliyofungwa na ile iliyo wazi, zikawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu. Imani yake kwa Mungu haikumfanya adharau karatasi.

Kwa hapa kwetu, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia kwa masharti. Kabla ya kulipa, fanyeni mambo haya. Chukueni namba ya kiwanja na kitalu, mkafanye upekuzi katika ofisi ya ardhi ili kujua nani anamiliki, kama kuna mkopo uliowekewa dhamana, na kama matumizi yaliyopangwa ni makazi au ni barabara, shule au eneo la wazi. Nendeni na mpima ardhi mkahakikishe bikoni zilizopo shambani zinalingana na ramani. Mkataba uwe wa maandishi, mbele ya wakili, na malipo yapitie benki. Serikali ya mtaa ni shahidi muhimu anayewafahamu watu na historia ya eneo, lakini muhuri wake haugeuki kuwa hati miliki.

Kama ardhi ipo kijijini, mjue kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuigawa. Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tena, msimwamini muuzaji au dalali kwa sababu tu mnasali naye jumuiya moja au anaimba kwaya. Muumini mwaminifu hatachukizwa mkifanya upekuzi.

Uamuzi wa mume na mke

Sakramenti ya ndoa inawafanya wawili kuwa mwili mmoja. Basi na uamuzi huu uwe wa wawili. Inasikitisha mke anapokijua kiwanja baada ya fedha kwisha, au mume anapogundua deni la mke siku wadai wanapobisha hodi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nawashauri mwende mbele zaidi: majina yote mawili yaandikwe kwenye hati. Wajane wengi wameteswa na ndugu wa marehemu kwa sababu ya jina moja lililokosekana.

Kuhusu mikopo, chama cha akiba na mikopo chenye masharti yanayoeleweka kinaweza kuwa msaada wa kweli. Ile mikopo ya haraka, ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, isiguswe kwa ajili ya kiwanja. Deni linaloila ada ya watoto na chakula cha mezani limeanza kubomoa familia kabla nyumba haijajengwa.

Haki ya mwenyeji

Mwisho, tumkumbuke anayeuza. Viwanja vingi vya pembezoni vilikuwa jana mashamba ya mtama na uwele ya ndugu zetu Wagogo. Mzee anayeuza ekari kwa sababu ya ugonjwa au njaa hana nguvu ya kujadili bei. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la Nabothi (1 Fal 21), na tamaa ile ikaishia katika damu. Mnunuzi Mkristo alipe bei ya haki, ahakikishe mke na watoto wa muuzaji wanajua na wameridhia, na asifurahie unafuu uliotokana na shida ya mwenzake. Ununuzi wa namna hiyo huwapa ninyi pia usalama, kwa maana mashauri mengi ya ardhi huanzishwa na wanafamilia ambao hawakushirikishwa.

Kisha, mkishahamia, chukueni barua ya utambulisho kutoka parokia mliyotoka, mjitambulishe kwa paroko na kwa viongozi wa jumuiya. Kama kigango kipo mbali, anzeni kwa kusali pamoja na majirani wachache. Vigango vingi vya mji huu vilianza hivyo, chini ya mti, na familia zilizokuja kama wageni ndizo leo zinazowapokea wengine.

Familia Takatifu ya Nazareti, iliyojua kukosa nafasi na kuishi ugenini, iwaombee. Mungu awabariki.