WAYA WA KILOMITA 61 SANDUKUNI

Huko Mahwah, jimbo la New Jersey nchini Marekani, Soko la Hisa la New York lina jengo la kompyuta. Wafanyabiashara wa hisa hupanga humo nafasi ili mitambo yao ikae karibu na ile ya soko, kwani mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia mita 200 tu katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Aliye mbali huletewa bei iliyokwisha chacha. Ili pasiwe na upendeleo, wapangaji hupimiwa nyaya za urefu uleule. Aliye hatua tatu kutoka mtambo wa soko, waya wake wa ziada hukunjwa.

Hata hivyo waya si yote. Anwani za kompyuta hugawanywa katika mitaa, na mtaa wa kawaida una anwani 256. Majirani hupelekeana habari kupitia swichi. Wa mitaa mbalimbali hupitia ruta, ambayo ni kama askari wa lango. Basi mbona wote wasiwekwe mtaa mmoja? La! Kompyuta inayomtafuta jirani isiyemjua hupiga ukelele mtaa mzima, mithili ya baragumu kambini: wote hugeuka, ingawa aitwaye ni mmoja.

Swichi zenyewe hutofautiana. Ya kawaida hungoja barua yote ifike. Barua kubwa, katika waya wa kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde, huchukua sehemu 1.2 za milioni ya sekunde. Ni sawa na kurefusha waya kwa mita 240! Swichi ya haraka husoma anwani tu na kuanza kuipeleka mkia ukiwa bado njiani. Gharama yake ni kwamba hata barua iliyoharibika hupita, maana alama ya ukaguzi imo mkiani.

Mbio hizo zina wa kuumia. Brad Katsuyama, aliyekuwa mfanyabiashara wa hisa katika Royal Bank of Canada, aliona bei zikimkimbia kila alipoagiza hisa nyingi: agizo lake lilifika soko moja kwanza, na wenye kasi wakamtangulia katika mengine. Wanaonunua kwa wingi namna hiyo ni pamoja na mifuko ya pensheni. Mwaka 2013 yeye na wenzake walifungua IEX, na maagizo yakapitishwa katika uzi wa kilomita 61 uliokunjwa sandukuni, yachelewe sehemu 350 za milioni ya sekunde. Serikali iliipa IEX kibali cha soko kamili mwaka 2016. Soko la NYSE American liliiga ucheleweshaji huo mwaka 2017, na likauacha mwaka 2019.