Uhalisia na Utata wa Kimaadili katika Tamthilia ya Vita: Mfano wa Journey's End

Katika uhakiki wetu wa fasihi, neno uhalisia hutumika aghalabu kana kwamba maana yake ni kuianika dhiki tu: damu, njaa na mateso. Ningependa kuihoji dhana hiyo kwa kuitazama tamthilia moja ya Kiingereza, Journey's End ya R. C. Sherriff, iliyoigizwa kwa mara ya kwanza jijini London mnamo Desemba 1928, Laurence Olivier, aliyekuwa bado kijana, akimwigiza mhusika mkuu, Kapteni Stanhope.

Sherriff hakuandika vita vya kusimuliwa. Alikuwa ofisa katika kikosi cha East Surrey, akajeruhiwa huko Passchendaele mwaka 1917. Matukio yote ya tamthilia yake hutendeka ndani ya chumba kimoja kilichochimbwa chini ya ardhi, karibu na Saint-Quentin nchini Ufaransa, tangu tarehe 18 hadi 21 Machi 1918, siku ambayo Wajerumani walianza shambulio lao kuu. Mapigano yenyewe hatuyaoni, tunayasikia. Tunachokiona ni mpishi akiomba radhi kwa sababu supu haina pilipili manga, na ofisa mnene, Trotter, akichora viduara 144, kimoja kwa kila saa ya siku sita za zamu, ili awe akivitia weusi kimoja kimoja. Kwa maoni yangu viduara hivyo vinaieleza hofu kuliko maiti kumi jukwaani.

Utata wa maadili unaanzia kwa Stanhope mwenyewe. Ni kiongozi hodari, anapendwa na askari wake, na ni mlevi. Anapofika Raleigh, kijana aliyemhusudu tangu shuleni, ambaye dada yake ni mchumba wa Stanhope, kapteni anaogopa kwamba siri ya ulevi wake itafika nyumbani. Anatumia mamlaka ya kukagua barua na kumpokonya kijana waraka wake. Osborne anapousoma kwa sauti, kumbe umejaa sifa za Stanhope! Hakuna anayemkaripia kapteni, na hakuna haja.

Mgogoro mzito zaidi ni ule wa Hibbert, ofisa anayedai kuumwa kichwa ili arudishwe nyuma ya mstari wa mapigano. Stanhope anamtishia kwa bastola. Tishio hilo halikuwa maneno ya jukwaani tu: askari wa jeshi la Uingereza walipigwa risasi kwa hukumu za utoro na woga katika vita hivyo, na 306 kati yao walisamehewa kwa sheria ya mwaka 2006. Hata hivyo, Hibbert anapogoma kusogea, Stanhope anaishusha silaha na kukiri kwamba naye anahisi vivyo hivyo. Hapo mstari kati ya shujaa na mwoga, ambao msomaji alikuwa ameuchora kwa urahisi, unafifia.

Baadaye wakubwa wanaamuru uvamizi mchana kweupe ili wapate mateka. Mateka anapatikana, Osborne anauawa. Usiku huohuo maofisa wanakula kuku na kunywa shampeni. Raleigh anakataa kuketi nao, na sisi tuko upande wake mpaka Stanhope anapomlipukia: anakunywa ili asahau, maana Osborne ndiye aliyekuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote. Nani basi aliyemheshimu marehemu? Mtunzi hatoi hukumu.

Ipo kasoro. Askari wa kawaida karibu hawasikiki; huruma ya mtunzi imewalalia maofisa. Oh What a Lovely War ya mwaka 1963, iliyobuniwa na Joan Littlewood na kundi lake, iliwapa wadogo sauti kwa nyimbo na kejeli, ikauacha uhalisia makusudi. Lakini kejeli hiyo inajua tangu mwanzo nani wa kulaumiwa. Wanafunzi waliosoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein wataona kwamba naye alichagua njia iliyo ngumu, ya kiongozi anayeitilia shaka imani aliyoiwasha.

Asubuhi ya mwisho, mabomu yakinguruma, Hibbert anachelewachelewa akinywa maji. Stanhope hamtishi tena. Anamwambia tu mpishi, aliyekwisha kuvaa zana zake, kwamba ofisa huyo anamngoja wapande pamoja. Hibbert anapanda ngazi. Kama ni kwa ujasiri au kwa aibu, Sherriff hakuandika.