Sotoka Haikujua Mpaka: Waganga Wakuu wa Mifugo Walivyojifunza Kusaidiana

Mkazi wa Luzira, hapa mashariki ya Kampala penye bandari ya Port Bell, hahitaji kuelezwa kwamba mifugo si jambo la mashambani peke yake. Nyuma ya nyumba kadhaa liko banda la mbuzi wawili watatu, au nguruwe, au ng'ombe mmoja wa maziwa anayelishwa machicha ya kiwanda cha bia. Maziwa huuzwa kwa jirani, na karo ya mtoto ikidaiwa, mbuzi hupelekwa sokoni. Ng'ambo ya maji tunayoyatazama kila siku iko Kisumu ya Kenya, na kusini yake Mwanza ya Tanzania. Ugonjwa wa wanyama ukizuka upande mmoja, pande nyingine hazina budi kupata habari mapema. Habari hiyo, kabla ya kumfikia mwenye banda, hupitia kwa watu wasioandikwa sana magazetini: wakurugenzi na waganga wakuu wa mifugo wa nchi zetu.

Watu hao hawakushirikiana kwa sababu walipendana. Walilazimishwa na sotoka.

Vijana wa leo hawaijui sotoka, na hiyo ni bahati yao. Ng'ombe alishikwa na homa kali, akatoka machozi na kamasi, mdomo ukajaa vidonda, kisha akaharisha hata akafa katika muda wa wiki moja au mbili. Ugonjwa huo uliingia Eritrea mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na Waitalia, ukateremka Afrika ya Mashariki kama moto wa nyikani, na ilipofika mwaka 1897 ulikuwa umekwisha kufika kusini kabisa mwa bara hili. Mahali pengi ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Wamasai na wafugaji wengine walikumbwa na njaa ambayo wazee waliisimulia kwa vizazi.

Dawa ya kutibu haikupatikana kamwe. Iliyopatikana ni chanjo. Hapo ndipo ushirikiano wa waganga wa nchi zetu ulipoanza kuzaa matunda. Huko Muguga, karibu na Nairobi, palikuwa na shirika la utafiti wa mifugo lililozihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Dr. Walter Plowright na mwenzake Ferris walitengeneza hapo, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, chanjo iliyooteshwa katika chembe hai ndani ya maabara. Chanjo ya zamani, iliyopitishwa katika mbuzi, iliweza kuwaumiza ng'ombe wa aina fulani. Hii mpya haikuwadhuru, na dozi moja ilimkinga mnyama maisha yake yote. Mwaka 1999 Plowright alipewa kwa kazi hiyo Tuzo ya Chakula Duniani.

Faida ya maabara moja haikuwa chanjo tu. Mganga mkuu wa Entebbe alipopeleka sampuli Muguga, jibu lake liliaminiwa pia Nairobi na Dar es Salaam. Hapakuwa na ubishi juu ya nani kasema kweli. Isitoshe, wengi wa waganga wa kizazi kile walisoma darasa moja. Wanafunzi wa nchi zote tatu walifundishwa uganga wa mifugo Kabete, hadi Makerere ilipoanzisha kitivo chake mwaka 1971, na Morogoro mwaka 1976. Aliyekaa dawati moja na mtu hasiti kumpigia simu usiku. Lakini urafiki wa darasani nao hustaafu pamoja na wenyewe, na idara inayoutegemea huo peke yake itakuja kuamka asubuhi moja haina wa kumwuliza.

Mwaka 1962 ulianzishwa mpango mkubwa wa Afrika uliojulikana kama Mradi wa Pamoja Namba 15. Ulianzia nchi za kandokando ya Ziwa Chad, ukaendelea hadi mwaka 1976 na kuzihusisha nchi 22, pamoja na zetu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitimiza: ng'ombe wachanjwe miaka mitatu mfululizo, kisha kila serikali iendelee yenyewe kuwachanja ndama kila mwaka. Sotoka ikarudi nyuma hata ikaonekana kama imekwisha.

Kisha watu wakalegea. Ndama hawakuchanjwa, fedha zikaelekezwa kwingine, na mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika. Muguga ikabaki mali ya nchi moja. Uganda ikaingia katika vita na misukosuko. Virusi vilikuwa vimejificha katika maeneo machache yasiyofikika, navyo vikatoka. Mwaka 1982 sotoka ilikuwa imekwisha kuonekana tena kaskazini ya Tanzania, na Afrika ikapoteza tena ng'ombe wengi. Kwa maoni yangu, hasara hiyo haikuletwa na uhaba wa elimu. Chanjo ilikuwapo, na walioijua walikuwapo. Kilichokosekana ni mazoea ya kupeana habari.

Na tusiwalaumu upesi mno waganga wakuu. Mkurugenzi anayetangaza ugonjwa anajua kitakachofuata: karantini, minada kufungwa, na wanunuzi wa nje kugeuza uso. Waziri wa biashara hafurahi. Kunyamaza wiki mbili huonekana kama busara, lakini katika wiki hizo mbili ng'ombe wa jirani hufa.

Mpango wa pili, ulioanza mwaka 1986 na kusimamiwa kutoka Nairobi na ofisi ya mifugo ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ulijifunza hilo. Karamoja ndiyo mfano mzuri. Wakaramojong wa Uganda, Waturkana wa Kenya na Watoposa wa Sudan Kusini huhama na mifugo yao bila kujali alama za mipaka, na njia nyingi hazikufaa kwa gari lenye jokofu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilianza kutumika chanjo iliyokaushwa namna ya kuweza kustahimili joto kwa takriban mwezi mmoja. Wafugaji wenyewe walifundishwa kuchanja, wakatembea kwa miguu na chanjo zao. Kwa mganga mwenye shahada, kumkabidhi sindano mfugaji asiyesoma haikuwa rahisi, wapo waliopinga. Waliokubali ndio walioiondoa sotoka Karamoja.

Jaribio jingine likafuata. Kuanzia mwaka 1994 nyati na tandala walikufa Tsavo, Kenya, kwa aina ya sotoka ambayo kwa ng'ombe ilikuwa dhaifu hata isitambulike. Waganga wa wanyamapori ndio waliouona ugonjwa kabla ya wale wa ng'ombe, na bila wao usingejulikana. Mwaka 1997 uligunduliwa kwa ng'ombe wa kaskazini ya Tanzania, kukafanywa kampeni ya kuchanja. Mara ya mwisho kabisa virusi vilionekana kwa nyati wa Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa haina sotoka tena. Ni ugonjwa wa pili kufutwa na binadamu, baada ya ndui.

Sasa uko mdogo wake: sotoka ya mbuzi na kondoo. Ilithibitishwa Karamoja mwaka 2007, na mwaka uliofuata Tanzania. Mwaka 2015, mjini Abidjan, mataifa yalikubaliana kuifuta ifikapo mwaka 2030. Chanjo ipo, na ni nzuri.

Mama wa Luzira mwenye mbuzi wake wawili ana sehemu yake. Akiona mbuzi ana homa, kamasi nzito, vidonda vya mdomo na kuharisha, asimkimbize sokoni kumwuza kabla hajafa. Amtenge na wenzake, asinunue mwingine kwa wakati huo, amwite bwana mifugo siku hiyohiyo. Bwana mifugo atamwarifu mkuu wake wa wilaya, na wa wilaya atapeleka habari Entebbe. Kutoka Entebbe habari hiyo yapaswa kufika Nairobi na Dodoma kabla ya mbuzi mwenyewe kuvushwa mpaka.