Nyanya ya uzi isijazwe maharagwe

Ifikapo Julai, ukungu unaposhuka kutoka Mlima Kenya, wanawake wengi wa Meru na Embu hutoa sindano zao za kufumia. Kuanzia Maua na Nkubu hadi Chuka na Runyenjes utawaona wakifuma sweta, kofia na shali huku wakisubiri wateja sokoni. Uzi unaobaki hautupwi. Mwenye mjukuu humfumia kitu cha kuchezea: karoti, kabichi au nyanya. (Naam, nyanya akimfumia mjukuu nyanya, Kiswahili chetu kina vituko vyake.)

Mimi kama daktari sina ugomvi na kazi hiyo. Kule Njoro, kaunti ya Nakuru, kikundi cha Kenana Knitters kimekuwa kikiwapa wanawake riziki tangu 1998 kwa kufuma, pamoja na vitu vingine, wanyama wa kuchezea watoto. Ninachokuomba wewe msomaji ni uchunguze kilichomo ndani ya nyanya hiyo kabla hujamkabidhi mtoto.

Wapo wanaoijaza maharagwe, ndengu au punje za mahindi, kwa kuwa ziko jikoni na mtoto hufurahia zinavyolia akitikisa. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto wa miezi minane hujua ulimwengu kwa mdomo. Atainyonya nyanya, ataivuta na kuitafuna mpaka mshono ulegee. Haragwe moja likitoka, linaweza kuingia puani au, vibaya zaidi, kuteleza hadi kwenye njia ya hewa. Kwa kuwa ni mbegu kavu, hufyonza unyevu na kufura, likazidi kuziba.

Si lazima mtoto azimie papo hapo. Mara nyingi hupaliwa, akakohoa kwa nguvu, kisha akatulia na mzazi akadhani yameisha. Siku chache baadaye huanza kukohoa tena, akikoroma kifuani, pengine upande mmoja tu. Hupewa dawa ya nimonia au ya pumu, akapata nafuu kidogo, kikohozi kikarudi. Picha ya eksirei huenda isimsaidie daktari sana, maana haragwe halionekani kama sarafu au msumari unavyoonekana. Kulitoa kunahitaji kifaa chenye taa kinachopitishwa kooni hadi kwenye mirija ya mapafu, na mtoto alazwe usingizi kwa dawa. Kifaa hicho hakipatikani katika kila zahanati. Kwa hiyo mwanao akiwa na kikohozi kisichokwisha, mwambie daktari wazi kwamba alipaliwa, hata kama ni wiki mbili zilizopita. Neno hilo moja laweza kubadilisha matibabu yote.

Sasa tuifume nyanya yenyewe. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja naipendelea kuliko karoti, ambayo ncha yake nyembamba huweza kusukumwa kooni. Tumia uzi wa kawaida wa sweta na sindano za milimita 4. Anza na vitanzi 40, ufume takriban safu 26, yaani karibu sentimita 9. Kaza mkono ili pasiwe na matundu. Pitisha uzi kwenye vitanzi vyote, uvute vikusanyike, ushone ubavu, ujaze, kisha ukusanye na upande wa pili. Utapata nyanya ya upana wa karibu sentimita 6, ambayo haiwezi kuingia yote mdomoni. Usifume ndogo kuliko sentimita 4 na nusu.

Ijaze pamba ya nailoni kama ile ya mito, kwani hufulika na kukauka upesi. Karatasi za plastiki za kuliza chakarachakara usitie kabisa. Kikonyo cha kijani kishonwe bapa, mara mbili. Macho na mdomo yatariziwe kwa uzi. Vifungo na shanga viache kwenye nguo zako. Wala usiitundike kwa kamba ndefu, kwani kamba huzunguka shingo. Mtoto wa chini ya mwaka akilala, iondoe kitandani, na wakati wote iwe mbali na jiko, maana uzi wa nailoni huyeyuka na kugandia ngozi.

Usidhani pia kwamba kuchezea nyanya kutamfundisha kula mboga. Baada ya miezi 6 ya maziwa ya mama pekee, mpondee mboga halisi, na akitema, mjaribishe tena siku nyingine, hata mara kumi.

Ikitokea mtoto amepaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, usichokoe koo kwa kidole bila kuona kitu, utakisukuma ndani. Akiwa chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mgongoni mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Asipopata nafuu, mgeuze umbonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia hivyo mpaka kitu kitoke. Aliyezidi mwaka hupigwa mgongoni vivyo hivyo, lakini badala ya kifua, mkumbatie kutoka nyuma umbonyeze juu ya kitovu, kwa ndani na kuelekea juu. Mtu mwingine atafute gari wakati huo huo, na hata kitu kikitoka, mfikishe hospitalini siku hiyo hiyo apimwe kifua.