Tela la jina geni: Soma ekseli kwanza

MFANYABIASHARA wa mbao Mafinga anayeuziwa tela la jina geni kwa bei nafuu asiishie kusoma maandishi ya ubavuni. Watengenezaji wengi wa tela hununua ekseli kutoka viwanda vingine, hivyo aingie chini na fundi wake wasome kibati cha ekseli. Wakikuta BPW au Fuwa, wenye maduka ya vipuri wanazijua. Wakikuta jina wasilolijua, ile nafuu itaishia siku gari likilala njiani.

Aulize pia uzito wa tela tupu, swali ambalo wauzaji hawalipendi. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016 ina kikomo cha tani 56, chuma na mzigo pamoja; tela likiwa zito, mbao zinapungua.

Halafu apime pini: ipo ya inchi 2 na ya inchi 3.5, na sahani ya kichwa lazima ilingane nayo.