Friji Mpya kwenye Gari la Kambi: Anza na Waya

Volkswagen T3 zilizotengenezwa Hannover, Ujerumani, kuanzia 1979 hadi 1990 bado ziko barabarani Ulaya, na zile ambazo kampuni ya Westfalia ilizifunga vitanda na jiko hutafutwa kwa udi na uvumba. Mwenye gari ameshafufua injini na kushona turubai jipya la paa. Lakini chini ya jiko, nyuma ya kiti cha dereva, mara nyingi ipo friji ileile ya kiwandani, na maziwa yanachacha kabla safari haijafika siku ya pili.

Friji hiyo haina kompresa. Inapoza kwa kutumia joto. Baltzar von Platen na Carl Munters walibuni mfumo huo mwaka 1922, wakiwa wanafunzi Stockholm, na Electrolux ikaununua mwaka 1925. Mwali mdogo wa gesi, au koili ya umeme, huchemsha mchanganyiko wa maji na amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke, hupoa na kuwa kimiminika, kisha huteremka hadi inapokutana na haidrojeni. Hapo hugeuka mvuke tena na kunyonya joto lililomo ndani ya friji. Hakuna kinachozunguka wala kinachonguruma, na mtu analala pembeni yake usiku kucha bila kuisikia. Ni ubunifu wa kuheshimiwa hadi leo.

Tatizo ni kwamba kimiminika hicho huteremka kwa uzito wake tu. Gari likiegeshwa mahali penye mwinamo, mzunguko unakwama na bomba la kuchemshia linapata joto kupita kiasi. Hewa ya nje ikifika nyuzi 38, kama inavyotokea kusini mwa Hispania wakati wa kiangazi, friji inazidiwa. Kwa umeme wa volti 12 nao, inakula wati 80 hadi 120 mfululizo. Injini ikizimwa na friji ikabaki kwenye betri, asubuhi gari haliwaki.

Ndiyo maana wengi wanahamia friji ya kompresa ya volti 12. Kompresa iliyojijengea jina ni BD35, kazi ya Danfoss ya Denmark, ambayo baadaye ilikwenda chini ya jina la Secop. Friji za aina hii haziogopi mwinamo wa kawaida wala joto kali, na Land Cruiser nyingi za watalii zinazotoka Arusha na Nairobi hubeba friji ndogo za volti 12. Kompresa ikizunguka inavuta kama ampia 4, lakini hujiwasha na kujizima. Ikizunguka theluthi hadi nusu ya siku, matumizi yanakuwa ampia-saa 32 hadi 48. Betri ya asidi ya ampia-saa 100, ambayo haifai kutumiwa zaidi ya nusu, inatosha siku moja. Ya lithiamu ya ukubwa huohuo inafika siku mbili.

Hesabu hiyo wengi wanaifanya. Wanachosahau ni waya.

Tuseme friji iko mita 4 kutoka kwenye betri: kwenda na kurudi ni mita 8 za shaba. Waya ukiwa wa milimita mraba 1, ampia 5 zikipita, volti 0.7 zinapotelea njiani. Kompresa ina kidhibiti kinachoizima umeme unaposhuka hadi kiwango fulani, mara nyingi volti 10.4 hivi, ili kulinda betri. Kidhibiti kinapima umeme uliokifikia, si ule ulioko kwenye betri, kwa hiyo friji inazimika usiku wakati betri bado ina nguvu. Mwenye gari anairudisha dukani akidai ni mbovu. Waya wa milimita mraba 6 unapunguza upotevu huo hadi volti 0.12 hivi. Uvutwe moja kwa moja kutoka betri ya pili, ile isiyotumika kuwasha injini, na fyuzi yake ikae karibu na betri.

Kuitenganisha friji ya zamani na gesi ni kazi ya fundi wa gesi. Mtungi ufungwe kwanza, bomba lililobaki lizibwe kwa kizibo cha chuma, kisha viungo vipimwe uvujaji. Ujerumani mifumo ya gesi ya magari haya hukaguliwa kila baada ya miaka 2 kwa kanuni ya G 607, na kila badiliko huangaliwa. Kabati nalo liachiwe njia ya hewa, iingie chini na kutokea juu nyuma ya friji. Kompresa iliyobanwa huzunguka bila kupumzika.

Anayeegesha wiki nzima chini ya miti, mbali na umeme na bila kuwasha injini, abaki na friji ya gesi, mradi ni nzima. Wengine wote wafunge ya kompresa. Na kabla ya kurudisha kabati mahali pake, pima volti nyuma ya friji kompresa ikiwa inazunguka, kisha pima kwenye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, badilisha waya kwanza.